AutoCAD naimudu kiasi, ramani ya mpima inanishinda: nianzie wapi kuingia usanifu wa mandhari?

Mkungu_Kivuli

Wakuu salaam. Nina stashahada ya kilimo cha bustani, kwa hiyo miti, nyasi na udongo si tatizo. Nataka kuingia usanifu wa mandhari. AutoCAD nimejifunza kwa video: PLINE, OFFSET, TRIM na HATCH nazimudu.

Sasa nina mafaili mawili ya DWG ya kiwanja cha Kigamboni. Moja ni topografia kutoka kwa mpima ardhi, jingine ni nyumba kutoka kwa mbunifu majengo. Nikiyaweka pamoja, nyumba na kiwanja vinakuwa nukta mbili kwenye pembe za skrini. Nikisogeza kimoja karibu na kingine, ukubwa haulingani kabisa. Kurekebisha kwa SCALE hadi macho yaridhike naona si sawa.

Naomba msaada wa mambo matatu: kuyaunganisha haya mafaili, programu gani nijifunze baada ya hii, na kama inawezekana kupata kazi bila kurudi chuo. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8.

---

levo_kwanza

Mkuu, SCALE ya kukisia weka pembeni. Tatizo lako lina vyanzo viwili na vyote vinapimika.

Cha kwanza ni uniti. Wapima ardhi huchora kwa mita, wabunifu majengo wengi kwa milimita. Ukuta wa mita 12 kwa mmoja ni 12, kwa mwenzake ni 12000. AutoCAD yenyewe inaona namba tu. Kinachoiambia namba hizo ni za nini ni kigezo cha INSUNITS: 1 ni inchi, 4 ni milimita, 6 ni mita. Faili lililoanzishwa kwa kiolezo cha acad.dwt linaanza na inchi, la acadiso.dwt linaanza na milimita, na watu wengi hawabadilishi. Matokeo yake mpima anachora kwa mita ndani ya faili linalojitangaza kuwa la inchi. Ukilivuta kwenye faili lako la mita, linapunguzwa kwa 0.0254 na upande wa mita 30 unasomeka 0.762. Kama linajitangaza kuwa la milimita, utasoma 0.03. Kwa hiyo ukikuta 0.0254, 39.37 au 0.001 kwenye kisanduku cha skeli, usitafute mchawi.

Cha pili ni mahali. Topografia nzuri huwa kwenye koordinati za UTM, mfumo wa gridi ya dunia unaohesabu mita kwa kanda. Dar es Salaam iko kanda ya 37 kusini, hivyo Kigamboni utaona mashariki kama 530,000 na kaskazini kama 9,240,000. Nyumba ya mbunifu imekaa jirani na 0,0. Ukisoma zote kwa mita, kati yao kuna zaidi ya kilomita 9,000, ndiyo maana ZOOM Extents inakuonyesha nukta mbili.

Fanya hivi:

1. Fungua faili la mpima peke yake. Tumia DIST kati ya bikoni mbili na ulinganishe na urefu ulioandikwa kwenye ramani ya upimaji. Hati ikisema 30.00 nawe ukasoma 30.00, ni mita. Weka INSUNITS iwe 6, piga AUDIT, kisha PURGE, hifadhi nakala kwa jina jipya.
2. Faili la nyumba vilevile: pima mlango au ukuta wenye kipimo kilichoandikwa, uweke INSUNITS inayosema kweli.
3. Anzisha faili lako jipya la mita, INSUNITS 6. Leta topografia kwa XREF (kuambatisha faili bila kulinakili ndani ya lako) ya aina ya Overlay, kwenye 0,0,0, skeli 1, mzunguko 0. Isisogezwe tena.
4. Leta nyumba kwa XREF. Skeli itajiweka 0.001 yenyewe. Isogeze kwa ALIGN ukitumia pointi mbili zinazojulikana, kwa mfano pembe za nyumba ambazo mbunifu amezipa umbali kutoka mipakani. ALIGN ikiuliza kama ipanue au ipunguze kitu kufuata pointi, jibu hapana. Ukijibu ndiyo, kosa la sentimita 20 la mtu mwingine linamezwa, nyumba inabadilika ukubwa kimyakimya, na hutajua hadi siku ya kupima msingi.
5. Kiwanja kikikaa mshazari usikizungushe. Zungusha UCS (mhimili wa kuchorea), kisha piga PLAN. Macho yanaona mraba, koordinati zinabaki salama.

Usichore chochote kwa milimita kwenye koordinati za UTM. Namba inakuwa ya tarakimu kumi, na hapo hachi (michoro ya kujazia ya HATCH) zinaanza kukataa au kuchanika na matao yanatetemeka.

Kwenye topografia usipige FLATTEN. Kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zina kimo ndani yake, ukishazilaza umebaki na mistari ya mapambo.

Ukitaka kulaza ramani juu ya picha ya setilaiti, uliza imepimwa kwa datumu gani, yaani msingi upi wa kuhesabia koordinati. Ramani nyingi za upimaji hapa zimo kwenye Arc 1960, na GPS ya simu inatoa WGS84. Tofauti yake ni takriban mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, kiwanja kinaangukia mtaa mwingine. QGIS, programu ya ramani, ni ya bure na inabadilisha vizuri kwa namba za EPSG: 21037 ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, 32737 ni WGS84 ya kanda hiyohiyo. Kazi ikiwa Dodoma, Mwanza au Mbeya, kanda ni ya 36.

---

Mkungu_Kivuli

Asante sana mkuu. Bikoni zinasoma 28.45 na hati inasema 28.45, lakini INSUNITS ya faili la mpima ilikuwa 1. Sasa vimekaa pamoja. Nisubiri majibu ya hayo mengine.

---

Juja_Mandhari

Habari ndugu. Nitajibu la programu na la kazi.

Mfuatano wangu ni huu: AutoCAD hadi uweze kutoa karatasi ya A1 iliyokamilika, kisha SketchUp, kisha QGIS kwa kiasi, na programu za picha za kung'aa kama Lumion, Twinmotion au D5 Render mwisho kabisa. Kwa RAM ya GB 8 mbili za kwanza zitakwenda. Hizo za picha zinataka kadi ya picha yenye nguvu, usizijaribu kwenye laptopu hiyo.

SketchUp inasaidia kuona ardhi. Unaingiza kontua zenye vimo, unazichagua zote, unatumia From Contours kwenye kundi la Sandbox. Ikikataa au ikigandisha kompyuta, sababu huwa mojawapo ya mbili. Ama kontua zina pointi nyingi mno, hivyo zipunguze kwanza, kontua ya kila nusu mita inatosha kwa kiwanja cha nyumba. Ama umeingiza na koordinati za UTM, na SketchUp haipendi vitu vilivyo mbali na sifuri, nyuso zinakatika unapozungusha. Hapa pekee ndipo unaposogeza nakala kuja karibu na 0,0, na unaandika pembeni umeisogeza kiasi gani.

Na tafadhali usitengeneze ardhi ya kiwanja kutoka Google Earth. Data ya vimo ya SRTM, iliyopimwa kutoka angani, ina pikseli ya mita 30. Kiwanja chako kizima kinaingia ndani ya pikseli moja!

Leseni: Autodesk inatoa AutoCAD bure kwa wanafunzi na walimu, mwaka mmoja unaohuishwa, na si kwa kazi ya malipo. Kama hauko chuoni, LibreCAD ni ya bure lakini ya kwake ni DXF. DWG uigeuze kwanza kwa ODA File Converter, nayo haina malipo. Krak za mtaani zinakuja na virusi, na faili la mteja likishaambukizwa ofisi yote inalikataa.

Kuhusu chuo, inategemea unataka kusaini nini. Shahada ya usanifu wa mandhari inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi hapo Dar, na huku kwetu Kenya, chuo kikuu cha JKUAT, Juja. Ukitaka kuitwa msanifu na kubeba dhamana ya michoro kwa jina lako, njia inapita kwenye shahada na usajili. Tanzania bodi husika ni AQRB, ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Kenya, wasanifu wa mandhari wana tawi lao ndani ya AAK, chama cha wasanifu majengo. Lakini ofisi haiendeshwi na wenye sahihi peke yao. Kuna mchoraji, kuna msimamizi wa upandaji, kuna anayeandaa orodha ya mimea na kukagua miche kitaluni kabla haijapakiwa. Hapo ndipo mtu wa bustani anapoingia kwa mlango wa mbele.

Ukweli ni kwamba vijana wa AutoCAD wamejaa. Anayekosekana ni mtu wa kuona kwenye karatasi kwamba nyasi ya Kikuyu inayopendeza kwenye baridi ya Limuru itateseka Kigamboni, na kwamba maji ya kisima yakiwa na chumvi Paspalum vaginatum itavumilia zaidi. Pita Haller Park, Mombasa, uone uzito wa jambo hilo. Lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwamba wa matumbawe mtupu. René Haller alianza kupanda mwaka 1971, miti mingi aliyoijaribu ikafa, mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyoshika. Majani yake yalikuwa hayaozi hadi walipoletwa majongoo wa kuyasaga. Leo kuna msitu.

---

ramani_kali

Naheshimu, ila kuhusu picha napingana kidogo. Mteja wa nyumba haelewi kontua. Anaelewa picha yenye mti na gari lake. Kijana asiye na jina akienda na karatasi ya levo (vimo vya ardhi na sakafu) peke yake anarudi mikono mitupu.

---

levo_kwanza

@ramani_kali Picha inaleta mteja, sikatai. Lakini kwenye ofisi wanaoajiri wanaangalia kitu kingine, na huko ndiko Mkungu anaulizia. Picha za bwawa na minazi wameziona elfu. Wakifungua karatasi ya levo na ikajumlika, wanaacha kupekua.

Nieleze levo kidogo maana ndiyo inayotenganisha mchoraji na mpambaji. Chukua njia ya kutoka getini hadi barazani, urefu mita 16. Geti liko kwenye kimo cha mita 52.30, sakafu ya baraza 53.10. Tofauti ni 0.80, ukigawa kwa 16 unapata asilimia 5, yaani 1:20. Hiyo ni njia ya kawaida, kiti cha magurudumu kinapita bila shida. Sasa mbunifu majengo anapandisha sakafu kwa milimita 150 bila kukuambia. Tofauti imekuwa 0.95, mteremko unakaribia asilimia 6, na hapo tayari ni rampu: utadaiwa mahali pa kupumzikia na mikono ya kushikia. Ama urefushe njia hadi mita 19, ama ipinde. Kwenye picha ya kung'aa mabadiliko hayo hayaonekani. Rampu yenyewe isizidi 1:12.

Namba nyingine za kukaa nazo kichwani: sakafu ngumu ya nje ipewe asilimia 2 ya mteremko ikielekea mbali na nyumba, yaani baraza la mita 4 linashuka milimita 80. Udongo au pevingi ibaki angalau milimita 150 chini ya sakafu ya ndani, la sivyo unyevu na mchwa vinaingia kwa kuvuka ukingo. Miteremko ya nyasi isizidi 1:3, zaidi ya hapo mkata nyasi anateleza. Ngazi za nje: vimo viwili jumlisha kina kimoja viangukie kati ya milimita 600 na 650, kwa mfano kimo 150 na kina 330.

Halafu maji. Maegesho ya mita za mraba 400 yaliyosakafiwa, mvua ya milimita 100 kwa saa, mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua isiyofyonzwa) 0.9: unazidisha 400 kwa 0.1 kwa 0.9, unapata mita za ujazo 36 kwa saa, ambazo ni lita 10 kwa sekunde. Hizo lita 10 zinaenda wapi? Kama mchoro haujibu, masika yatajibu, na kwa kawaida yanajibu sebuleni kwa jirani.

Kwa hiyo potifolio yako iwe na mradi mmoja uliochorwa hadi mwisho badala ya vipande kumi. Tafuta eneo dogo unaloweza kulipima kwa futi kamba: uwanja wa zahanati, mbele ya shule, kituo cha daladala. Karatasi ziwe hali ilivyo na miti inayobaki, upimaji wa ujenzi, levo, upandaji, na vipande vya undani kwa 1:20 au 1:10. PDF isizidi MB 10. Anayeipokea anaifungulia kwenye simu.

---

Mkadiriaji_T

Naongezea upande wa vipimo vya BOQ (orodha ya kiasi cha kazi na vifaa ya kukadiria gharama), maana michoro ya mandhari ndiyo inayotusumbua kuliko yote.

Kila eneo la kupanda liwe polilaini iliyofungwa, kwenye leya (tabaka la mchoro) yake. Mtu akichora kwa vipande vya LINE visivyogusana, HATCH inalalamika kwamba mpaka haujafungwa, naye anaongeza kigezo cha HPGAPTOL ili iruke pengo. Hachi inajaa, lakini eneo bado si la kuaminika. Ziba pengo lenyewe kwa PEDIT na Join. Leya zitenganishe: miti, vichaka, nyasi, sakafu, ukingo, umwagiliaji. Mfumo wa L-PLNT-TREE na ndugu zake unaeleweka kwenye ofisi nyingi, lakini wa kwako ukiwa wa Kiswahili na haubadilikibadiliki, hakuna ugomvi.

Kila aina ya mti iwe bloku (alama moja inayorudiwa) moja, na pointi ya kushikia iwe katikati ya shina, kwa sababu fundi atapigiwa koordinati kutoka hapo. Matoleo ya 2022 na kuendelea yana COUNT, inahesabu bloku zote na kuweka jedwali. Ukizilipua kwa EXPLODE umetuachia kuhesabu kwa kidole.

Vichaka havihesabiwi kwa macho. Eneo la mita za mraba 48, nafasi ya sentimita 40: ukipanda mraba ni 6.25 kwa kila mita ya mraba, jumla 300. Ukipanda pembetatu unazidisha kwa 1.155, inakuwa takriban 347. Tofauti ya miche 47 kwa kitanda kimoja. Andika kwenye jedwali ni mpangilio upi, jina la kisayansi, ukubwa wa mfuko, na kimo cha mche siku ya kupandwa. Ukiandika "mkwaju" bila kimo, mkandarasi ataleta wa sentimita 30, na mkataba utamlinda.

Udongo wa juu: mita za mraba 120 kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 36 baada ya kushindiliwa. Ukiagiza 36 hautoshi, udongo wa kwenye tipa umelegea. Ongeza robo, agiza 45. Pevingi za milimita 200 kwa 100 ni 50 kwa mita ya mraba, unene 60 kwa watu na 80 kwa magari. Upotevu asilimia 5 zikilazwa moja kwa moja, 10 zikilazwa mshazari, maana kila ukingo unakatwa.

---

Mama_Kitalu

Wanangu, jambo moja tu. Mchoro unaonyesha kichwa cha mti, hauonyeshi mizizi. Chora na mistari ya maji taka na chemba kwenye karatasi ya upandaji, hata kwa rangi hafifu. Ficus benjamina juu ya bomba ni kesi ya baadaye. Na tarehe za kupanda zifuate masika au vuli, miche ikishushwa Julai mwenye nyumba anaanza kununua maji.

---

Mkungu_Kivuli

Shikamoo mama, nimeelewa. Wakuu wote asanteni. La mwisho: nimeprinti karatasi ya kwanza kwa 1:200, fundi kaweka rula na vipimo havikubali. Kwenye kompyuta viko sawa.

---

levo_kwanza

Angalia sehemu tatu. Ya kwanza ni dirisha la mchoro kwenye leyauti, yaani ukurasa wa kuprintia. Karatasi iko kwa milimita na mchoro wako uko kwa mita, kwa hiyo 1:200 haipatikani kwa kuandika 1/200xp. Unagawa 1000 kwa 200, unaandika ZOOM 5xp. Kwa 1:100 ni 10xp, kwa 1:500 ni 2xp. Kisha funga dirisha lisisogee. Maandishi ya milimita 2.5 kwenye karatasi yatakuwa na kimo cha 0.5 ukiyaandika ndani ya mchoro huo wa 1:200.

Ya pili ni PLOT. Skeli iwe 1:1, alama ya Fit to paper iondolewe.

Ya tatu ni duka la kuprinti, na nahisi ndipo palipo na tatizo lako. Ukipeleka PDF ya A1 wakatoa A3, kila urefu unakuwa nusu, 1:200 imegeuka 1:400. Wakitoa A1 lakini programu ya PDF ikabaki kwenye Fit, mchoro unapungua kwa asilimia chache, na huo ndio ubaya zaidi kwa sababu haustukiwi. Waambie waweke Actual size. Chora pia mstari wa skeli kwenye kila karatasi: mita 10 kwa 1:200 ni milimita 50. Rula ikisoma 48, rudisha karatasi kabla fundi hajaondoka nayo.